Sekondari kufundisha roboti shule ya msingi, Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kuwaelekeza wadogo zao wa shule ya msingi, na kwa walimu walezi wa klabu, wawe Tabora mjini, Nzega, Urambo, Sikonge au kwingine mkoani. Humu tunamwita mwanafunzi wa sekondari anayesimamia meza "mwelekezi".

Mwelekezi atoke kidato gani, na afundishe darasa lipi?

Angalieni kalenda ya mitihani kabla ya kuangalia kipaji. Kidato cha pili wana upimaji wa taifa mwishoni mwa mwaka, cha nne wanafanya mtihani Novemba, cha sita Mei. Wanaobaki na nafasi ya kweli ni kidato cha tatu, na kidato cha tano baada ya kuzoea shule mpya, maana wanaripoti Julai. Kidato cha kwanza wanaweza kuja kama wasaidizi wa vifaa. Wakifika cha tatu watakuwa tayari wamejua kazi.

Kwa upande wa msingi tunapendelea darasa la tano. Limeshavuka upimaji wa darasa la nne, bado liko mbali na mtihani wa kumaliza, na mikono ya watoto imekomaa kiasi cha kushika bisibisi ndogo. Darasa la tatu wanaweza kutengeneza roboti isiyo na programu, lakini kwenye waya nyembamba watahangaika bure.

Vipindi vizuri viwe Februari hadi Mei, kisha Julai na Agosti. Anzeni mkijua kwamba Februari na Machi ni msimu wa mvua. Mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo kila kipindi kiwe na kazi ya mikono ambayo watoto wanaweza kuendelea nayo bila maelezo.

Ruhusa tunaombaje?

Mkuu wa shule yenu aandike barua kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akitaja siku, saa, majina ya waelekezi na mwalimu atakayekuwepo. Wazazi wa watoto wajulishwe kwa maandishi. Mwanafunzi wa bweni asitoke bila kusaini kitabu cha kutokea.

Mwelekezi mmoja asimamie watoto wangapi?

Wanne, wakiwa wawili wawili, roboti mbili kwa meza. Kwa darasa la watoto 24 mnahitaji waelekezi sita, na wa saba asiye na meza. Huyu wa saba kazi yake ni vifaa: anabadilisha betri, anatafuta waya, anahesabu mota mwisho wa kipindi. Klabu nyingi humsahau, na matokeo yake kila mwelekezi anaacha meza yake kwenda kutafuta bisibisi.

Watoto watatu kwenye roboti moja ni wengi. Mmoja atageuka mtazamaji, na baada ya wiki mbili haji tena.

Hatuna vifaa vya kununua. Tuanze na nini?

Anzeni na roboti mchoraji. Haina kompyuta wala programu, lakini inafundisha saketi, mtikisiko na uvumilivu. Kila jozi ya watoto inahitaji kopo moja jepesi la plastiki, maka peni tatu, mota moja ndogo, betri mbili za AA (zile za saa ya ukutani), waya mbili za sentimita 15, tepu nyeusi ya umeme, na kipande cha ndala iliyochakaa.

Mota mtazipata kwa fundi redio: deki za DVD zilizokufa, magari ya kuchezea yaliyovunjika, redio kaseti za zamani. Ijaribuni kwa betri mbili kabla ya kuilipia. Inayofaa ina ncha mbili tu za umeme. Ikiwa na utepe bapa wenye nyaya nyingi, kama zilivyo nyingi za kompyuta, iacheni, kwani hiyo haizunguki kwa betri peke yake.

Geuzeni kopo kichwa chini, fungeni maka peni tatu pembeni ziwe miguu, vifuniko vikiwa vimetolewa. Bandikeni mota juu, mhimili wake ukitokeza nje ya ukingo. Kateni ndala kipande cha sentimita 3 kwa 1, mkitoboe karibu na mwisho mmoja, mkichomeke kwenye mhimili. Unganisheni betri mfululizo, chanya ya moja na hasi ya nyingine, mpate volti 3. Wekeni kopo juu ya karatasi ya manila.

Kosa utakaloliona kila mara ni mtoto kutoboa ndala katikati. Mota inalia, kipande kinazunguka vizuri kabisa, na kopo limesimama tuli. Usimwambie sababu. Mpe kipande kingine atoboe tundu la pili pale anapotaka, na la tatu. Tundu likikaribia mwisho, uzito unaegemea upande mmoja, kopo linaanza kutetemeka na kuchora viduara. Mtoto akishaona hivyo kwa macho yake atakueleza mwenyewe uzito ukae wapi, na hatalisahau hilo kirahisi.

Makosa mengine mawili: maka peni zisizo na urefu sawa (roboti inaanguka), na ncha za waya kushikwa na tepu juu ya plastiki bila kuimenya. Waambie wamenye sentimita moja na nusu, wasokote, ndipo wabandike.

Je, tuwafundishe programu kabla ya kugusa vifaa?

Dakika 15 za mchezo zinatosha. Mtoto mmoja awe roboti, wenzake wamwandikie amri kwenye kadi: hatua mbili, geuka kulia, simama. Aende kutoka mlangoni hadi kwenye dawati la mwalimu, akitii kilichoandikwa tu. "Geuka kulia" bila kusema kiasi itamfanya azunguke hadi agonge ukuta, na darasa zima litaelewa kwa nini mashine inataka amri kamili.

Roboti ya kuprogramu inahitaji nini hasa?

Kwa roboti moja: bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayopokea programu na kuiongoza roboti) au nakala yake, bodi ya kuendeshea mota aina ya L298N, mota mbili za njano zenye giya pamoja na magurudumu yake, gurudumu dogo la mbele linalozunguka pande zote, kishikio cha betri sita za AA, swichi, kihisi cha umbali HC-SR04 (kinachopima kitu kiko mbali kiasi gani), vihisi viwili vya mstari (vinavyotofautisha nyeupe na nyeusi), na waya za kuchomeka zisizopungua 20. Mwili wake hauhitaji kununuliwa. Kipande cha plaiwudi cha sentimita 15 kwa 20 kutoka kwa seremala kinatosha, na kinavumilia kuanguka kuliko plastiki nyembamba zinazouzwa.

Tabora vifaa hivi mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, kwa hiyo agizeni akiba mara moja. Kwa roboti sita, ongezeni mota tatu, bodi moja ya L298N na waya 40. Mota za njano zina udhaifu unaojulikana: vile vibati viwili vya shaba vinavyopokea waya hukatika mtoto akivuta. Mkishalehemu, fungeni waya kwenye mwili wa mota kwa kamba ya plastiki, ili anayevuta avute kamba na si kibati.

Nakala nyingi za Arduino hutumia chipu ya CH340. Kompyuta isiyo na dereva wake (programu ndogo inayoiwezesha kuwasiliana na chipu hiyo) haitaiona bodi kabisa. Wekeni dereva huyo mkiwa bado mna intaneti, msingoje mfike shuleni. Pia jaribuni kila waya wa USB. Baadhi ya bodi hutumia waya unaofanana na wa simu, na kuna nyaya za kuchaji tu ambazo hazipitishi data: taa ya bodi inawaka, programu haipandi.

Mota zikianza tu, bodi inazima na kuwaka tena. Imeharibika?

Haijaharibika. Karibu kila mara tatizo ni betri, na mara nyingi ni ile ya mraba ya volti 9.

Mota ikiwa inaanza kuzunguka, au imezuiwa, inavuta mkondo mkubwa kuliko ikiwa mwendoni. Ya njano iliyokwama inaweza kukaribia ampea 1. Betri ya mraba imetengenezwa kwa kazi ndogo kama kengele za moshi. Ukiidai mkondo mkubwa, volti zake zinaporomoka, bodi inakosa umeme, inaanza programu upya, inaamuru mota zizunguke, na mzunguko unarudi palepale. Mtoto anaona roboti inayoshtuka-shtuka bila kwenda. Chukueni mita ya fundi, pimeni betri mota zikiwa zimezimwa, kisha mota zikianza. Hizo namba mbili ziandikwe ubaoni.

Betri nne za kawaida za AA nazo hazitoshi. Zinatoa volti 6, na L298N yenyewe hupoteza takriban volti 2 njiani, kwa hiyo mota inapata kama 4, na zinashuka kila siku. Tunashauri betri sita za AA za kuchajiwa. Kila moja ina volti 1.2, jumla 7.2, mota inapata kama 5, na betri hizo hutumika tena na tena. Msichanganye zilizochajiwa na zilizochoka, wala za aina mbili kwenye kishikio kimoja.

Kisha angalieni hasi. Hasi ya betri, hasi ya L298N na hasi ya Arduino lazima zikutane. Zisipokutana, amri za bodi hazina pa kurejea, na mota zitakaa kimya au zitafanya vituko.

Betri za lithiamu za 18650 zina nguvu nzuri, lakini hatuziweki mikononi mwa watoto wa msingi. Zikiguswa chanya na hasi zinaweza kuwaka moto. Zile zinazotolewa kwenye betri mbovu za laptopu tunazikataa kabisa.

Roboti inakwenda upande badala ya mbele. Turekebishe wapi?

Kama gurudumu moja linarudi nyuma, badilishaneni waya mbili za mota hiyo. Msiguse programu. Kama yote yanakwenda mbele lakini roboti inapinda, ni kawaida, maana mota za bei hii hazilingani. Kasi inaandikwa kwa namba 0 hadi 255. Punguzeni ile yenye kasi, kwa mfano 200 kushoto na 185 kulia, mjaribu kwenye mstari wa mita 2. Ikishuka chini ya 100 hivi, mota nyingi zinalia tu bila kuzunguka.

Kihisi cha mstari kilifanya kazi asubuhi, mchana kimekataa. Kwa nini?

Jua. Kihisi hiki hutoa mwanga usioonekana kwa macho na kupokea unaorudi. Manila nyeupe inaurudisha, tepu nyeusi inaumeza. Jua nalo lina mwanga huohuo kwa wingi, na likiingia dirishani saa nane linakifunika kihisi kikaona nyeupe kila mahali.

Hamisheni meza mbali na dirisha. Shusheni kihisi kiwe kama sentimita 1 kutoka chini. Kizungusheni kile kiskrubu kidogo kwenye kiboksi cha buluu hadi taa ya kihisi ibadilike mnapopita kutoka nyeupe kwenda nyeusi. Ikibidi, kizungushieni sketi ya karatasi nyeusi. Msitumie sakafu ya saruji kama uwanja, kwani rangi yake ya kijivu hukichanganya kihisi. Tepu nyeusi ya umeme yenye upana wa karibu sentimita 2 juu ya manila inafaa.

Tupeni zoezi ambalo watoto wa Tabora watalipenda.

Njia panda ya reli. Kila mtoto wa mjini anajua treni inafika Tabora kutoka Dar es Salaam na hapo njia zinagawanyika, moja inakwenda Mwanza na nyingine Kigoma.

Unganisheni manila sita kwa chini. Tepu ianze mashariki, ifike Tabora katikati, kisha igawanyike: kaskazini ipite Isaka na Shinyanga hadi Mwanza, magharibi ipite Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma. Mikunjo iwe mipana, kipenyo cha kama sentimita 40, kwa sababu kona kali roboti inaipita. Majina ya stesheni yaandikwe na watoto.

Vihisi viwili vikae kushoto na kulia ya tepu, vyote juu ya nyeupe. Cha kushoto kikiona nyeusi, roboti inageuka kushoto kidogo. Cha kulia kikiona nyeusi, inageuka kulia. Sentimita 5 kabla ya Tabora bandikeni tepu fupi ya kukingama. Hapo vihisi vyote viwili vinaona nyeusi kwa pamoja, na hiyo ndiyo ishara kwamba tumefika njia panda.

Swali gumu ni roboti ifanye nini ikifika hapo. Waachieni watoto waamue kwanza kwa maneno: "Ikiona nyeusi mbili, simama sekunde 2, geuka kulia, endelea." Kulia ni Mwanza, kushoto kidogo ni Kigoma. Wengi wataandika amri ya kugeuka, roboti itageuka, lakini vihisi bado viko juu ya kikingamo, kwa hiyo itageuka tena na tena. Suluhisho ni kuiamuru isogee mbele kwanza kwa nusu sekunde hivi hadi ivuke, ndipo igeuke. Wapeni nafasi wahangaike nalo. Hapa ndipo wanapojifunza kufikiri kama mashine. Watakaomaliza mapema waongeze tawi la kutoka Kaliua kwenda Mpanda.

Kihisi cha umbali kinasoma sifuri au namba za ajabu.

Angalieni kwanza kama waya wa Trig (wa kutuma sauti) na wa Echo (wa kupokea mwangwi) zimebadilishana. Kihisi hiki hupima sentimita 2 hadi 400, na kikikaribia zaidi ya hapo hakiaminiki. Kinatumia sauti tusiyoisikia, kwa hiyo ukuta uliokaa mshazari unaitupa sauti pembeni, na nguo laini inaimeza. Mtoto aliyevaa sweta akisimama mbele ya roboti anaweza asionekane, wakati daftari analolishika linaonekana vizuri. Fanyeni hilo kuwa jaribio.

Sekondari tunasoma kwa Kiingereza. Tuwaelezeje watoto kwa Kiswahili?

Jiandaeni kabla, kwa sauti. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri za fizikia na bado akakwama kumweleza mtoto wa miaka kumi mkondo ni nini. Kaeni wawili wawili jioni, mmoja aeleze kwa Kiswahili kitupu, mwingine amsimamishe kila anapokimbilia Kiingereza.

Tumieni mkondo, volti, saketi, ncha chanya na hasi, swichi, giya, mota, kihisi. Msiseme "sensa", kwa sababu mtoto anajua sensa ni kuhesabu watu. Rizista mafundi wote wanaijua kwa jina hilo, na kazi yake ni kupunguza mkondo. Kufananisha mkondo na maji kwenye bomba kunasaidia, ila usiuvute mfano huo mbali.

Programu ya Scratch, ambayo amri zake hupangwa kwa vitalu kwenye skrini, ina lugha ya Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Anzeni nayo, kisha mhamie mBlock, inayotumia vitalu vya namna ileile kuiprogramu Arduino.

Tuna kompyuta mbili tu, na umeme unakatika.

Mbili zinatosha. Jozi iandike programu kwenye karatasi kwanza, ije kwenye kompyuta kwa dakika 8, ipakie, irudi mezani kujaribu. Laptopu zije zimechajiwa. Bodi ikikataa kupokea programu, angalieni kama kuna waya kwenye tundu 0 na 1 za Arduino. Zitoeni, pakieni, rudisheni.

Nawezaje kujizuia nisimfanyie mtoto?

Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, na ndilo linaloamua kama watoto watajifunza au watatazama tu. Bisibisi ni ya mtoto. Mwelekezi aweke mikono nyuma au mapajani. Roboti ikikataa, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: Ulitegemea ifanye nini? Imefanya nini? Mara ya mwisho ulibadilisha nini? Ukishauliza, nyamaza na uhesabu kumi moyoni. Kimya hicho kitakuumiza wewe zaidi ya mtoto.

Ikilazimu kuonyesha, onyesha kwenye roboti yako ya akiba, kisha ifungue mbele yake, arudi kufanya kwenye yake. Usimwachie kazi yako iliyokamilika.

Na angalia nani ameshika nini. Bila saa ya kubadilishana, mvulana atashika bisibisi na msichana atapewa daftari aandike. Badilisheni kila dakika 15, mwelekezi akipiga makofi. Nusu ya waelekezi wawe wasichana.

Usalama?

Hakuna kinachounganishwa na umeme wa ukutani isipokuwa chaja na laptopu, na hizo anazishika mwelekezi. Kulehemu kunafanyika sekondari kabla ya kipindi, dirisha likiwa wazi. Chaji betri mtu akiwepo. Mwelekezi asibaki chumbani peke yake na mtoto, na picha zisipigwe bila ruhusa ya shule na mzazi.

Kuna mashindano ya kushiriki?

Miongoni mwa yanayojulikana sana kimataifa ni ya FIRST, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na Dean Kamen. Tawi lake la watoto, FIRST LEGO League, lilianza 1998 kwa kushirikiana na LEGO, na kule ni kawaida wanafunzi wa sekondari kuzilea timu za wadogo zao. Raundi moja ya roboti ni dakika mbili na nusu. Vifaa vyake ni vya LEGO, si Arduino, na gharama yake ni kubwa. Ushauri wetu ni kuanza na siku ya wazazi shuleni: kila jozi iendeshe roboti yake kwenye njia panda na imweleze mzazi mmoja, kwa Kiswahili, kwa nini inasimama Tabora.

Likizo ikifika vifaa viwekwe vipi?

Toeni betri zote kwenye vishikio, kwani betri ya kawaida ikiachwa inavuja na kula vibati. Roboti zikae kwenye ndoo yenye kifuniko, maana vumbi la Tabora kiangazi linaingia kwenye giya. Hesabuni kila kitu mbele ya mwalimu, mwandike idadi kwenye karatasi ya ndani ya kifuniko, na zile mota zinazolia bila kuzunguka zifungwe uzi mwekundu ili fundi azione kabla ya muhula kuanza.